UZI: Nani alibaki na ujuzi? Tulinganishe Asia, Amerika ya Kusini na Afrika zilivyoingia kwenye soko la dunia

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Mjadala wa nchi zinazoendelea na uchumi wa dunia huwa unaishia palepale. Kundi moja linataka milango ifunguliwe, jingine linataka ifungwe, na kila upande una nchi yake ya mfano mfukoni. Nimeufuatilia kwa miaka na unanichosha, kwa sababu unaliruka swali ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mwekezaji akishakuja, mizigo ikishapakiwa, meli ikishaondoka, nani anabaki na ujuzi? Nchi mbili zinaweza kufungua mlango wa aina moja, moja ikavuna mafundi na wenye viwanda, nyingine ikabaki na mabati ya jengo ambalo mwenyewe kahama.

Nitaanza na kisa kimoja kwa kirefu, maana nadhani kimebeba karibu kila kitu.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Bangladesh ilikuwa nchi ya juti, zile nyuzi za kusukia magunia. Nguo za kuuza nje hazikuwepo za kutajika. Wakati huohuo Korea Kusini ilikuwa na tatizo la kushiba. Tangu 1974 biashara ya nguo duniani iliendeshwa kwa mgawo: nchi tajiri ziliwekea kila muuzaji mkubwa kikomo cha mashati na suruali anazoweza kuingiza kwa mwaka. Kampuni ya Daewoo ilikuwa na mashine, ilikuwa na wateja, lakini mgawo wa Korea ulikuwa umejaa. Bangladesh haikuwa na kikomo chochote, kwa sababu hakuna aliyewahi kuihofia.

Noorul Quader, aliyekuwa ofisa wa serikali, akaanzisha kampuni ya Desh na kufunga mkataba na Daewoo. Mwaka 1979 Desh ikapeleka watu 130 Busan, Korea Kusini, ndani ya kiwanda chenyewe cha Daewoo, wakakaa kama miezi sita. Hapa naomba tusipite haraka. Shati la kola lina vipande vingi: kola na shingo yake, mabega, mbele mbili, mikono, vikofi, mfuko. Kila mshono una mtu wake. Wa kola akichelewa, wote wanaomfuata wanakaa bure, na wanaomtangulia wanarundika kazi. Nani akae wapi, matabaka ya kitambaa yakatwe vipi kwa mpigo mmoja bila la chini kuhama, mshono mbovu uonwe kabla shati halijafika kwa mpiga pasi: hayo hayamo kitabuni. Yanakaa mikononi na machoni mwa mtu, na njia ya kuyahamisha ni kumhamisha mtu mwenyewe.

Mwaka 1980 Desh ikashona mashati 43,000, yenye thamani ya dola kama 55,000 tu. Kufikia 1987 ilikuwa inashona milioni 2.3. Mkataba wa kushirikiana na Daewoo, uliotarajiwa kudumu miaka mitano, Desh iliuvunja 1981 kwa kuona kwamba inajiweza. Ila kilichoibadilisha nchi kilitokea mlangoni mwa Desh: katika wale 130, watu 115 waliondoka mmoja mmoja katika miaka ya 1980, wakaenda kufungua viwanda vyao au kusimamia vya wengine. Kwa mwenye Desh ilikuwa hasara. Kwa Bangladesh ndiyo shule iliyoanza hivyo. Leo nguo ni zaidi ya asilimia 80 ya mauzo yake ya nje.

Sasa weka Mexico kando ya kisa hicho. Mexico ilianza mapema zaidi, 1965, baada ya Marekani kufuta mpango wa vibarua wa msimu na watu kurudi mpakani bila kazi. Ikaruhusu viwanda vya maquiladora: vipuri vinaingia bila ushuru, vinaunganishwa, vinarudi Marekani, na ushuru unatozwa kwenye thamani iliyoongezwa tu. Mexico ilikuwa tajiri kuliko Bangladesh mara nyingi, ina wahandisi, na inapakana na soko kubwa kuliko yote duniani. Ajira zilipatikana nyingi, hilo nalikubali wazi. Lakini kwa miongo kadhaa vifaa vilivyonunuliwa ndani ya Mexico kwa ajili ya viwanda hivyo vilibaki asilimia chache sana. Hata boksi na skrubu vilivuka mpaka. Sheria ilivutia hilo kwa muundo wake: ukitumia cha nje hulipi kitu, ukitaka cha ndani unaanza kumtafuta muuzaji asiyekujua. China ilipoingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, viwanda vingi vya mpakani vilifunga na kuhamia huko, na havikuwa na mizizi ya kuvizuia.

Karibuni tuchangie.

Mizani

Uzi mzuri, mkuu, ila umechagua mifano inayokufaa. Mbona unairuka Korea yenyewe? Korea ilifanikiwa kwa fedha za Marekani na utawala wa kijeshi. Ukiyatoa hayo mawili, hadithi yote inaanguka. Kuna faida gani kulinganisha na jambo lisilorudiwa?

Mleta uzi

Mizani, hoja yako ina nguvu na sitaikwepa. Msaada wa Marekani ulikuwepo, na mkubwa. Lakini nchi nyingi zilipata msaada na zilikuwa na majenerali, hasa Amerika ya Kusini, na hazikuishia ilipoishia Korea. Tofauti naiona kwenye masharti. Park Chung-hee, mtawala wa kijeshi wa Korea, alitaifisha benki 1961, halafu mikopo ya riba nafuu ikawa inakwenda kwa anayeuza nje. Kuanzia katikati ya miaka ya 1960 alikaa kila mwezi na mawaziri na wenye viwanda wakisoma namba za mauzo bidhaa kwa bidhaa. Mwenye kutimiza lengo alipata mkopo zaidi, aliyeshindwa alibanwa. Mauzo ya nje yalifika dola milioni 100 mwaka 1964, na bilioni 10 mwaka 1977.

Brazil na Argentina nazo zililinda viwanda vyao kwa ushuru mkubwa. Raúl Prebisch, mchumi wa Argentina, akiwa kwenye tume ya Umoja wa Mataifa kule Santiago, Chile, alikuwa ameeleza kwa ufasaha jinsi bei za mazao ghafi zinavyoshuka kwa muda mrefu ukizilinganisha na za bidhaa za viwandani. Kwenye utambuzi wa ugonjwa namkubali. Pungufu lilikuwa kwenye dawa ilivyotumika: kiwanda kililindwa bila kuulizwa lini kitaweza kusimama mbele ya mteja wa nje. Mteja wa nje ni mkaguzi asiyehongeka. Shati bovu analirudisha.

Na haki itendeke, Brazil ilifaulu pale ilipouliza swali hilo. Kampuni ya ndege ya Embraer ilianzishwa 1969 na kuanzia mwanzo ilijengwa na wahandisi waliosomeshwa kwenye chuo cha anga cha nchi hiyohiyo, ikauza ndege nje. Embrapa, taasisi ya utafiti wa kilimo ya 1973, ikaifanya ardhi chachu ya nyika ya Cerrado ioteshe soya. Yote mawili yalitokana na miaka mingi ya kulipia watu wajifunze.

Kuhusu udikteta: sitautetea. Novemba 1970 Jeon Tae-il, fundi cherehani wa miaka 22 pale Seoul, alijiwasha moto akidai sheria ya kazi iheshimiwe. Mauzo hayo niliyoyataja yalishonwa na wasichana waliofanya kazi kwenye vyumba visivyo na hewa. Anayeisifia Korea bila kumtaja huyo kijana anasimulia nusu ya habari.

Nahodha

Naomba niongeze kutoka upande wa makaratasi, maana kazi yangu ni hati za mizigo na kila siku naona jinsi biashara inavyokufa kwa ajili ya karatasi moja.

Mleta uzi kaeleza mikono. Kuna mambo mawili Bangladesh iliyafanya ambayo bila hayo wale 115 wasingefika mbali. La kwanza ni ghala la forodha. Kitambaa kinaingia, kinafungiwa kwenye ghala chini ya uangalizi wa forodha, hakilipiwi ushuru maadamu kitatoka kikiwa nguo. La pili ni LC ya mgongoni. Wasioifahamu: mnunuzi wa nje anafungua LC, yaani benki yake inaahidi kulipa hati zikikamilika. Mwenye kiwanda hana fedha ya kitambaa. Basi anaipeleka ile LC kwa benki yake, na benki, kwa kuegemea ahadi ile ya mnunuzi, inamfungulia muuzaji wa kitambaa LC nyingine. Kitambaa kinakuja, kinashonwa, kinasafirishwa, malipo yanaingia, benki inamlipa mwenye kitambaa, kinachobaki ni cha kiwanda.

Tazama maana yake. Mtu asiye na nyumba ya kuweka rehani, ila ana ujuzi na oda mkononi, anaweza kufungua kiwanda. Ujuzi ukiwa mwingi na mtaji ukiwa haba, hicho ndicho kiungo kinachokosekana. Nimeona watu wana oda halali na benki inawaomba hati ya kiwanja. Oda inaoza.

Mleta uzi

Nahodha, shukrani sana. Hilo la LC nililipita kwa mstari mmoja kwenye rasimu yangu nikalifuta, na nimekosea. Liwe sehemu ya uzi.

Kipepeo

Mnaongea Asia, Asia. Afrika iko wapi? Au ndiyo kawaida, Afrika ni mfano wa kushindwa tu?

Mleta uzi

Kipepeo, hapana kabisa, na ndiyo maana nilitaka tufike hapa. Afrika haikuchelewa kuingia kwenye uchumi wa dunia. Iliingizwa mapema mno, na kupitia mlango wa malighafi. Angalia ramani ya reli za kikoloni: zinatoka mgodini au shambani moja kwa moja hadi bandarini, hazikutani. Ndiyo sababu hadi leo biashara kati ya nchi za Afrika zenyewe ni kama asilimia 15 ya biashara yote ya bara, wakati Asia inapita nusu. Eneo Huru la Biashara la Afrika, mkataba uliosainiwa Kigali Machi 2018 na biashara yake kuanza rasmi Januari 2021, linajaribu kurekebisha mchoro uliochorwa na wengine zaidi ya karne iliyopita.

Lakini ndani ya Afrika kuna tofauti kubwa. Chukua Mauritius na Lesotho, zote zimeshona nguo kwa ajili ya nchi tajiri.

Mauritius ilikuwa kisiwa cha miwa ambacho mchumi James Meade, aliyekuja kupata Nobel, alikitabiria mashaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1970 ikapitisha sheria ya kanda ya viwanda vya kuuza nje. Mwaka 1975, kupitia Mkataba wa Lomé, Ulaya ikaihakikishia mgawo wa sukari kwa bei ambayo kwa miaka mingi ilikuwa juu ya bei ya soko la dunia. Wenye mashamba wakapata ziada. Ziada hiyo ingeweza kukimbilia benki za nje. Sehemu kubwa ikabaki, ikaingia viwandani bega kwa bega na wawekezaji wa Hong Kong waliokuwa wakitafuta mgawo. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo kulikuwa na wenyeji wenye hisa, wanaokaa kwenye vikao, wanaojua mteja anaitwa nani. Nguo zilipobanwa, watu haohao waliingia kwenye utalii na huduma za fedha.

Lesotho ilipata nafasi kubwa kupitia AGOA, sheria ya Marekani ya mwaka 2000 iliyoruhusu bidhaa nyingi za Afrika kuingia huko bila ushuru. Viwanda vikaja, vingi vya Wataiwani, na kanuni ziliruhusu kitambaa kitoke popote. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wanawake, walipata kazi katika nchi ambayo haikuwa na mwajiri mwingine wa ukubwa huo nje ya serikali. Sidharau hata kidogo. Ila oda zilipokelewa nje, kitambaa kilinunuliwa nje, uamuzi ulifanyika nje. Ule mgawo wa nguo duniani ulipofutwa 1 Januari 2005, viwanda kadhaa vilifungwa wakati wa sikukuu, na wafanyakazi waliporudi wakakuta mageti yamefungwa. Aprili 2025 Marekani ikatangaza ushuru wa asilimia 50 kwa bidhaa za Lesotho. Baadaye ukashushwa hadi 15, lakini wanunuzi walikuwa wameshasimamisha oda. Mlango wa upendeleo una mwenyewe, na mwenyewe hukaa upande wa pili.

Mizani

Hapo nakubali. Lakini wenye madini je? Indonesia imepiga marufuku nikeli ghafi na imefaulu. Kwa nini wengine wasifanye hivyohivyo kesho asubuhi?

Mleta uzi

Kwa sababu Indonesia inachimba zaidi ya nusu ya nikeli ya dunia. Ilipofunga Januari 2020, mwenye kiwanda cha chuma cha pua hakuwa na pa kwenda. Wachina wakajenga viyeyusho Morowali na kwingineko, na mauzo ya bidhaa za nikeli yakapanda kutoka dola bilioni chache hadi kama bilioni 30 kwa mwaka. Ulaya ikashtaki kwenye Shirika la Biashara Duniani, ikashinda 2022. Indonesia ikakata rufaa mbele ya chombo ambacho hakijawa na majaji wa kutosha tangu Desemba 2019, kwa hiyo kesi inaning'inia.

Nchi yenye asilimia tatu ya madini fulani ikifanya vile, mnunuzi anahamia kwa jirani na mgodi unafungwa. Kwanza pima unashika kiasi gani cha soko. Botswana ilipima: kwa almasi ilikuwa na uzito, ikautumia mezani, na 2013 kampuni ya almasi ya De Beers ikahamishia Gaborone mauzo ya almasi ghafi yaliyokuwa yakifanyika London.

Na hata Indonesia bado haijanijibu swali langu. Viyeyusho vingi ni vya Wachina, umeme wake ni wa makaa ya mawe, na mafundi wa juu walikuja na mashine. Nasubiri kuona kama kutatokea wale 115 wa Morowali.

Nahodha

Vietnam nayo iko humohumo. Simu za Samsung zinatoka huko kwa mamilioni, lakini karibu asilimia 70 ya mauzo yake ya nje ni ya kampuni za kigeni.

Mleta uzi

Kweli kabisa. Vietnam ilianza Doi Moi, yaani mageuzi yake ya uchumi, 1986, ikaingia Shirika la Biashara Duniani 2007, imeondoa watu wengi sana kwenye ufukara, na bado swali la nani anabaki na ujuzi liko wazi.

Kipepeo

Mbona hamgusi fedha? Milango ya bidhaa na milango ya mikopo mmeichanganya.

Mleta uzi

Umenikumbusha vema. Amerika ya Kusini ilikopa miaka ya 1970 kwa riba inayopanda na kushuka. Marekani ilipopandisha riba yake hadi karibu asilimia 20 mwaka 1981, madeni yakalipuka, na Agosti 1982 Mexico ikasema haiwezi kulipa. Bara zima likapoteza muongo. Hata Korea, yenye viwanda vyote nilivyovisifu, ililegeza mikopo ya muda mfupi ya nje miaka ya 1990, na 1997 ikajikuta kwenye mlango wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiwanda kilichojengwa kwa miaka thelathini kinaweza kuuzwa kwa wiki moja ya fedha kukimbia. Kwa hiyo anayeniambia "kufungua" ni kitu kimoja, namwomba aniambie kufungua nini.

Mizani

La mwisho kutoka kwangu. Mleta uzi, umeianza Bangladesh kwa furaha. Watu wa Rana Plaza walijifunza nini?

Mleta uzi

Nimekaa na swali lako kwa muda kabla ya kuandika.

Tarehe 24 Aprili 2013, jengo la ghorofa nane pale Savar, nje ya Dhaka. Siku moja kabla nyufa zilionekana kwenye nguzo. Benki na maduka ya chini yalifunga. Washonaji wa ghorofa za juu waliamriwa kurudi kazini kesho yake, na jengo likawaangukia. Walikufa zaidi ya 1,100. Mfanyakazi wa benki alikuwa na mwajiri aliyeweza kusema leo tusifungue. Mshonaji alikuwa na oda yenye tarehe ya meli. Ujuzi wa kushona ulikuwa umeenea nchi nzima kwa miaka thelathini na kitu, na sauti ya anayeshona ilikuwa haijaenda popote. Hilo ni pengo kwenye hoja yangu yote, na nalikiri.

Baada ya vifo hivyo ndipo kampuni za nguo zaidi ya 200 zikasaini makubaliano na vyama vya wafanyakazi, yenye nguvu ya kisheria, ya kukagua nguzo, nyaya na milango ya moto. Maelfu ya kasoro zilirekebishwa. Maana yake fedha zilikuwepo siku zote.

Nahodha

Niweke hili kwa wanaofuatilia. Kwa ratiba iliyowekwa, Bangladesh inatakiwa kutoka kwenye kundi la nchi maskini zaidi Novemba 2026, na Ulaya imeahidi kuiachia unafuu miaka mitatu zaidi. Ikiwa ndani ya kundi, shati linaingia Ulaya bila ushuru hata kama kitambaa kimetoka China, kushonwa tu kunatosha. Ikitoka, ili ipate unafuu kitambaa nacho itabidi kitengenezwe nyumbani. Kwenye fulana na sweta wako vizuri, vitambaa vya kufuma kwa sindano wanavyo vingi vya kwao. Kwenye mashati, yaleyale ya Desh, jora bado linakuja na meli.